Kwale Alivyomfundisha Mbwa wa Fisi

"Nitupe hadithi?"

"Tupa!"

"Nitupe mbali?"

"Tutaifuata!"

"Mtairudisha nzima?"

"Nzima, na manyoya yake!"

Haya, sogeeni basi.

Hapo kale Fisi alikuwa akipenda nyama ya ndege kuliko nyama yoyote, lakini hakuwahi kushiba. Miguu yake ilikuwa mizito. Akinyemelea, gubu! gubu! gubu!, ndege wanamsikia, na pururuuu! wameruka. Fisi anabaki mdomo wazi, mate yanamchuruzika.

Asubuhi moja akakutana na mbwa mchanga, jina lake Tabu, aliyempotea bwana wake mwindaji.

"Wewe! Unajua kukamata ndege?"

"Kukamata najua, Bwana Fisi."

"Basi tangu leo utanikamatia mimi. Ukikataa, nakukamata wewe!"

Tabu akaingia majanini, chaka-chaka-chaka. Akakamata kanga. Njiani akalamba kidogo, akatafuna kidogo, akafika na mguu mmoja. Fisi akanguruma. Tabu akaingia tena, chaka-chaka-chaka. Akakamata njiwa. Safari hii akafika mdomo mtupu.

"Njiwa yuko wapi?"

"Njiwa gani, Bwana Fisi?" Na unyoya ukamtoka puani, fuu!

"Ahaa! Sasa nakufuata nyuma!"

Tabu akaingia mara ya tatu, Fisi nyuma yake. Chaka-chaka-chaka! Gubu-gubu-gubu! Na chini ya kichaka kimoja alikuwapo Bi Kwale, amewafunika vifaranga wake. Vifaranga wakajibana chini, kimya. Mama yao akajitokeza makusudi ili wao wasionekane, na Tabu akamdaka, hap!

"Lete!" Fisi akapiga kelele, akamrukia. Tabu akakimbia. Wakazunguka kichaka, mbwa mbele, fisi nyuma, na kila mzunguko ule mguu mkubwa wa Fisi ukatua karibu zaidi na vifaranga.

Kwale akapaza sauti kutoka mle mdomoni mwa mbwa: "Bwana Fisi! Ukimkimbiza atanimeza! Mpe mgongo! Kimbia wewe, akufuate yeye!"

Fisi akasita. Lakini njaa haina subira. Akageuka, akakimbia kuelekea mtoni. Gubu! gubu! gubu! Tabu kuona hivyo, akadhani ni mchezo, akamfuata mbio!

"Sasa simama. Mwambie kwa upole: achia."

"Achia," akasema Fisi, kwa sauti ya upole aliyoikopa sijui wapi.

Tabu akaachia. Kwale akaangukia kiganjani mwa Fisi, mzima!

"Loo! Umeyajulia wapi haya?"

"Nakaa jirani na mwindaji, Bwana Fisi. Ndugu zangu wote wameletwa hivi hivi."

Fisi akafungua kinywa. Kwale akaona meno yote, hadi yale ya nyuma.

"Unile tu, ni haki yako," akasema Kwale. " Lakini mbwa huyu ameleta mara moja tu, na mara moja ni bahati. Akiona umenila mimi, wa kesho atamla mwenyewe. Je, unataka ndege mmoja, au unataka ndege kila siku, maisha yako yote?"

"Kila siku!" Fisi akarukaruka. "Kila siku! Nifanyeje, Mwalimu?"

"Nirushe, halafu ukimbie."

Fisi akamrusha. Kwale angeweza kuruka akaenda zake, mabawa yalikuwa salama kabisa. Lakini kichaka cha wanawe kilikuwa bado kinaonekana kutoka pale. Akajiachia, akaanguka majanini, pu!

"Lete!" Chaka-chaka-chaka! Fisi akakimbia, gubu-gubu-gubu! Wakavuka mto. "Achia!" Pwa, kiganjani.

"Mzima!" Fisi akapiga makofi. "Hajang'oa hata unyoya!"

"Vizuri, lakini wewe hukukimbia mbali. Mbwa atakuona mvivu."

"Mimi mvivu? Tazama!"

Akarusha. "Lete!" Chaka-chaka-chaka! Gubu-gubu-gubu! Wakapanda kilima. "Achia!" Pwa!

"Mbali zaidi, Bwana Fisi!"

Akarusha. "Lete!" Wakashuka kilima kule upande wa pili, Fisi anahema, ulimi nje, furaha imemjaa kifuani.

"Sasa mtihani wa mwisho," akasema Kwale. "Nirushe juu kabisa. Kimbia, wala usigeuke nyuma hata usikie nini. Ukigeuka, mafunzo yote yameharibika."

Fisi akamrusha kwa nguvu zake zote. Pururuuuu! Kwale huyoo, juu ya kilima, juu ya mto, moja kwa moja hadi kichakani.

Fisi hakugeuka. Alikimbia kuteremka, na huko chini ndiko kwa mwindaji. Mwindaji akapiga mluzi, fyuuu! Tabu akaujua mluzi wa bwana wake, akaenda kwao akitikisa mkia. Mbwa wenzake wakamwona Fisi anakatiza uani, wakamtokea nyuma. Bwe! bwe! bwe!

Fisi akasikia vishindo vingi nyuma yake. Furaha ikamzidi.

"Wamekuwa wengi! Leteni! Leteni wote!"

Wakaleta meno. Hap! kwenye mkia.

"Achia!" akasema Fisi kwa upole, kama alivyofundishwa. "Achia, achia! Achia, jamani!"

Lakini wale hawakusoma shule ya Bi Kwale.

Kule kichakani vifaranga wakatoka mmoja mmoja.

"Mama, mbona unanuka mbwa?"

"Nilikuwa kazini, wanangu. Ingieni chini ya bawa."

Ngano imefika ukingoni. Mimi nameza mate, ninyi mezeni maneno. Na funzo lake, watoto, ni hili: msikilizeni sana mwalimu wenu. Akisema kimbia, kimbieni. Akisema msigeuke, msigeuke. Fisi alitii kila neno, na mpaka leo hakuna aliyewahi kusema kwamba alifeli mtihani.