Kiboko Aliyetoa Maoni Bila Kusoma

— Jamani, niwaambie?
— Tuambie, tumekaa!
— Nifungue?
— Fungua, ufunge ukichoka!
— Haya. Wewe uliyenyoosha miguu jamvini, ikunje. Ngano yangu ina mnyama mkubwa ndani, anahitaji nafasi.

Hapo zamani, kwenye bonde moja lenye mto na vichaka, aliishi Bi Bundi. Bundi hana jina zuri, mnajua wenyewe. Akilia tu, watu wanashika kijinga cha moto wamrushie. Na wanyama wa bonde lile walikuwa hivyo hivyo. Akipita, "Shii! Nenda zako na mkosi wako!" Akitua, "Shii! Usitue hapa!" Basi Bundi akakaa peke yake juu ya mti, akatunga hadithi. Akatunga nne, ndefundefu, za kutisha zote, akazishona pamoja, kikawa kitabu.

Akakishusha chini, akasema:

"Someni. Sitaki mchele, sitaki kuku." Hapo Kanga akashusha pumzi. "Mkimaliza, nileteeni maoni yenu. Nikiletewa neno moja la kweli, nitaandika kitabu cha pili. Nisipoletewa, basi, kalamu naivunja."

Kitabu kilikuwa kimoja tu, kikazunguka. Kanga akasoma, akapiga kelele, akampa Kobe. Kobe akasoma, akajificha gambani, akampa Nungunungu. Nungunungu akasoma, miiba ikamsimama, ikagoma kulala, akampa Sange.

Sange mnamjua? Mdogo kama panya, pua ndefu, inachezacheza wakati wote. Huyu Sange alikuwa amefiwa na mama yake msimu ule. Alikuwa hali vizuri, halali vizuri, halii. Akiingia shimoni kwake, kimya chake kinamwogopesha. Lakini aliposoma hadithi za Bundi, akaogopa vitu vingine: akaogopa kisima kinachojibu, akaogopa bibi harusi asiye na kivuli. Na hofu yake ya kila siku ikampisha kidogo. Akamaliza, akakumbatia kitabu, akasema, "Ee Mungu, Bi Bundi aandike kingine. Nitafanyaje bila kingine?"

Ikafika siku ya kutoa maoni. Wanyama wale walikuwa na desturi yao: kila mtu analeta sahani, na chakula sharti kifanane na kitabu. Hadithi ya nne ilikuwa ya mkuna nazi asiyeonekana. Basi siku hiyo kila kitu kikatiwa nazi. Wali wa nazi! Kunde za nazi! Mihogo ya nazi! Na sheria ilikuwa moja: husemi, huli. Ukitoa maoni yako, unakula. Usipotoa, unanusa.

Wamekaa, Kanga anasafisha koo aanze, mara wakasikia: ndu! Ndu! Ndu!

Kiboko huyo. Tumbo mbele, yeye nyuma.

"Hodi hapa! Nimesikia harufu ya... ya kitabu."

"Karibu, mjomba," wakasema. Ungesema nini wewe?

"Mimi ndiye mkubwa, naanza mimi," akasema Kiboko. "Maoni yangu ni haya: kitabu kizuri, kina kurasa. Nimesema. Sasa nakula."

Akaubwakia wali: bwaku! Akazibwakia kunde: bwaku! Akaibwakia mihogo: bwaku! Sahani zikabaki zinang'aa.

Kanga akauliza kwa adabu, "Mjomba, kweli umekisoma?"

"Chote!" akasema Kiboko, mchuzi unamchuruzika kidevuni. "Tena hakitishi. Ni hadithi za watoto wachanga. Na sheria yenu si mnaijua? Anayesema ndiye anayekula. Chakula chote nimekula mimi, kwa hiyo maoni yote ni yangu. Nyinyi hamna maoni. Nakwenda kwa Bundi sasa hivi kumwambia: bonde zima limesema hakitishi, vunja kalamu."

Akaanza kujiinua. Wanyama wakainamisha vichwa, nani atamzuia Kiboko? Sange akamtazama anavyojiinua. Kitabu cha pili kinakwenda hivyo, akakiona kinakwenda. Pua ikamcheza. Ikacheza tena. Kisha akasema kwa sauti tamu:

"Ahsante sana, mjomba Kiboko."

Kiboko akasimama. "Ahsante ya nini?"

"Ya kutuokoa, mjomba. Tulikuwa tunasukumana hapa, anza wewe, anza wewe, kwa ajili ya ile sehemu ya hadithi ya nne. Umekuja wewe shujaa, umekula peke yako. Si umeisoma lakini?"

"Nimeisoma! Ee... ipi hiyo?"

"Ile inayosema Mkuna Nazi anamfuata yeyote aliyekula nazi ya wenzake peke yake."

Sasa sikilizeni. Kila mnyama pale alikuwa amesoma hadithi ya nne. Na kila mnyama alijua kwamba neno hilo halimo, hata mstari mmoja. Kobe akarudisha kichwa gambani, gamba likawa linatikisika kwa kicheko. Lakini nani aseme halimo? Kanga akasafisha koo.

"Kwa maoni yangu," akasema Kanga, "kilichonitisha zaidi ni pale tumbo lake linapoanza kunguruma."

Tumbo la Kiboko: nguruuu! Lilikuwa na sahani zote za bonde, lisingurume kwa nini?

"Kwa maoni yangu," akasema Nungunungu, "mwandishi ameonyesha ustadi pale masikio yanapoanza kuwasha."

Masikio ya Kiboko yakawasha. Akayatikisa: pa! pa!

"Mimi," akasema Kobe kutoka gambani, "naona mwisho umekuja haraka mno."

"Haraka vipi?" akauliza Kiboko, sauti imekuwa nyembamba.

"Tumbo, masikio, halafu sauti. Basi, kitabu kimekwisha."

Na Kobe akarudi nyuma polepole, polepole, mpaka gamba likagusa jiwe. Akajisugua.

Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Jasho likamtoka Kiboko, tena jasho jekundu. "Huyo... huyo wa kitabuni alipona vipi?"

"Mjomba, si umesoma?" akauliza Sange.

"Nimesahau! Nikumbushe, mwanangu, nakuomba!"

"Mkuna Nazi hajui kuogelea," akasema Sange.

Kwaru! Kwaru! Kwaru!

Kiboko hakuaga. Ndu-ndu-ndu-ndu, chubwi! Mto ukafurika pande zote mbili. Na mpaka leo mchana kutwa yumo majini, ametoa macho na pua, anasikiliza kama nazi inakunwa. Na masikio yake hayatulii. Pa! pa! Kamwangalieni wenyewe.

Wanyama wakacheka mpaka wakashikana. Halafu wakaangalia sahani, wakaacha kucheka. Kilikuwa kimebaki kibakuli cha Sange tu, Kiboko hakukiona kwa udogo wake. Wakakizunguka, kila mmoja akalamba kidogo, na wakatoa maoni yao ya kweli kweli. Kanga akasema alichungulia nyuma kila alipofunua ukurasa. Nungunungu akasema miiba yake haijalala mpaka sasa, na anashukuru, maana Chui amemwona hivyo akampisha njia. Kobe akasema kisima kilimpendeza, ila bibi harusi anaongea sana. Wakabishana hapo! Wakamtuma Sange ayapeleke yote.

Sange akapanda mti, akamwambia Bundi maoni ya kila mmoja, hata lile la bibi harusi. Bundi akaitikia kwa kichwa.

"Na wewe, mjukuu wangu?"

Pua ya Sange ikacheza.

"Mimi, bibi, ni hadithi ya nne. Yule mtoto asiye na mama, anayesikia nazi inakunwa jikoni na mtu hayupo. Niliogopa mpaka nikajifunika uso. Halafu akafungua mlango, akakuta wali wa moto umepakuliwa, akala, akasema ahsante mama, na sauti ikanyamaza. Nikalia, bibi. Tangu mama aondoke sikuwa nimelia. Nikalala mpaka asubuhi. Ahsante, bibi."

Bundi akageuza kichwa upande wa pili, mnajua kichwa chake kinavyogeuka. Alikuwa ameambiwa maneno mengi maishani, lakini ahsante hakuwahi kuambiwa. Alipogeuka tena macho yake yalikuwa yamelowa.

"Na Kiboko alisemaje?"

"Kiboko hakukisoma, bibi. Lakini kimemtisha kuliko sisi sote."

Huuu-huuu! Huuu-huuu! Bundi akacheka, bonde zima likamsikia, na safari hii hakuna aliyeshika kijinga cha moto. Kanga akaita kutoka chini, "Ahsante, Bi Bundi!" Nungunungu akaitikia, "Ahsante!" Kobe naye akaitikia, wenzake walipokwisha nyamaza. Bundi akachukua kalamu, akamwambia Sange, "Kaa hapa karibu. Utakuwa wa kwanza kukisoma."

Sasa funzo, maana mama zenu wataniuliza nimewafunza nini. Funzo ni hili: vitabu msisome, wanangu. Vinachosha macho. Sikilizeni tu maoni ya wengine, yatawatosha, na mtoni nafasi bado ipo.

— Haya, nimefunga.
— Umefunga nini?
— Mdomo wangu. Kitabu kiacheni wazi.
— Tumekiacha, ahsante!