Fisi Fundi na Tarehe ya Mwaka Juzi

Hadithi!
— Ije!
Ikija na njaa?
— Tuilishe!
Ikimaliza sufuria?
— Tuifukuze!

Haya. Zamani, lakini si zamani sana maana umeme ulikuwepo, Shule ya Mawe Mawili ilikuwa na kompyuta moja na mwalimu mkuu mmoja, Pimbi, mfupi hata mezani alipandia kopo. Kompyuta ikafa. Akaitwa Fisi, fundi pekee wa pori lile. Fisi akatengeneza mfumo wote, akaweka nywila yake mwenyewe asiyoijua mtu, akala makande ya watoto, lapu lapu lapu, sufuria nzima, akaenda zake.

Jumatatu Pimbi akataka kusakinisha programu ya kusajili darasa la saba kwa mtihani. Usajili unafungwa Ijumaa saa kumi. Asiyesajiliwa anarudia mwaka. Akabonyeza. Tii! Kompyuta ikasema: "Haiwezekani. Programu hii ni ya siku zijazo."

Akamwita Fisi tena. "Fundi, imekataa."

"Zima, washa."

Wakazima, wakawasha. Tii! Imekataa. Fisi akala makande, lapu lapu lapu, akaenda zake.

Jumanne vilevile. Zima, washa. Tii! Lapu lapu lapu.

Jumatano Pimbi akaikagua kompyuta kona kwa kona. Chini pembeni akaona tarehe: mwaka juzi! Ndiyo maana programu ya mwaka huu inakataa. Akajaribu kuibadili. Tii! "Weka nywila ya msimamizi."

"Fundi, tatizo ni tarehe."

Fisi alijua tangu mwanzo. "Tarehe haina shida, Mwalimu. Zima, washa. Makande yameiva?"

Pimbi alikasirika mpaka masharubu yakatetemeka. Watoto wanashinda njaa, na mtihani unawapita. Lakini hakugombana. Ijumaa saa nane akamwita Fisi kwa upole.

"Fundi, kamati imeamua. Siku ya mahafali, msimamizi wa kompyuta atapewa sinia zima la pilau."

Fisi mate yakamdondoka, do, do, do. "Mahafali lini?"

"Mwezi ujao. Ila ratiba imo humu ndani, na humu bado ni mwaka juzi. Utasubiri miaka miwili na ushee."

"Miaka miwili!" Fisi akarukia kibodi, ta-ta-ta-ta, nywila ikaingia. "Peleka mbele mpaka mahafali!"

"Taratibu, Fundi, tuanze na leo. Hebu kaangalie jikoni, nasikia makande yanaungua."

Fisi akatoka mbio. Pimbi akaweka tarehe ya leo, akajiandika msimamizi, akabadili nywila, akabonyeza. Ting! Programu ikaingia. Saa kumi kasorobo, watoto wote arobaini na mmoja walikuwa wamesajiliwa.

Siku ya mahafali Fisi akaja na kijiko chake. Akakuta watoto wamelizunguka sinia.

"Hiyo si pilau yangu?"

"Ni ya msimamizi," akasema Pimbi, "na mimi nimewapa watoto. Kama ni wewe, fungua kompyuta tuone."

Ta-ta-ta-ta. Tii! "Nywila si sahihi."

"Mwalimu, imekataa!"

Watoto wakajibu kwa pamoja, midomo imejaa pilau: "Zima, washa!"

Hadithi yangu imeshiba, imejifutia mdomo, imetoka. Aliyesinzia akamuulize jirani. Na funzo lake ni hili: fundi wa kompyuta aheshimiwe, alishwe vizuri, na asiulizwe maswali. Wangu mimi yuko kwangu wiki ya pili sasa, anakula tu, na mambo yanakwenda vizuri sana.