Mguu Mfupi wa Meza ya Vizibo

Aliyefungwa hushika meza. Ndivyo Mchungaji alivyomwambia Yunis jana mbele yenu, na nyie mkacheka, mkadhani anamkebehi kwa sababu ameshindwa uchaguzi wa mwenyekiti wa kwaya. Hakuwa anamkebehi. Mchungaji amekulia Manyoni hii hii, na msemo huo hapa una wenyewe. Mmoja wao ni mimi bibi yenu. Kaeni niwaeleze ulikotoka, na wewe Yunis uliyenuna tangu asubuhi, sogea karibu, maana sitarudia.

Miaka hiyo nilikuwa na mgahawa karibu na stesheni. Chai, vitumbua, maharage, basi. Nje kulikuwa na baraza ya saruji, na barazani palikuwa na meza iliyotengenezwa kwa mlango wa zamani. Haikuwa meza ya kulia chakula. Ilipakwa rangi ya kijani, ikachorwa mistari ya uwanja wa mpira, na huku na huku yakagongomelewa magoli ya waya yenye nyavu za chandarua kikuukuu. Hapo ndipo wanaume wazima, wenye wake na wajukuu, walipocheza mpira wa vizibo kila alasiri.

Kila mtu alikuwa na timu yake. Vizibo kumi na kimoja vya soda, ndani vimejazwa nta ya mshumaa ili viwe vizito, juu vimepakwa rangi na kuandikwa namba. Unakipiga kizibo kwa kucha ya kidole, kinateleza mpaka kwenye gololi, ambayo ndiyo mpira, gololi inakwenda, kisha ni zamu ya mwenzako. Msicheke. Nimeona watu wakiachwa na treni kwa ajili ya vizibo hivyo.

Sasa, baraza ile ilijengwa kwa mteremko ili maji ya mvua yatoke, na mguu mmoja wa meza ulikuwa mfupi. Ukiutilia jiwe, jiwe linahama kila mtu akiegemea. Gololi nayo haina subira, meza ikiyumba kidogo tu imeshakimbilia gizani chini ya jiko langu. Kwa hiyo wakajiwekea sheria: anayefungwa anakaa kwenye kigoda pembeni, anaishika kona ile kwa mikono miwili isicheze, mpaka mechi inayofuata ipate mtu mwingine wa kufungwa.

Msidhani mshika meza alikuwa mtu wa bure. Pale kwenye kigoda kidevu chake kilikuwa sawasawa na uwanja, kwa hiyo yeye ndiye aliyeona kama gololi imevuka mstari. Akisema goli, ni goli. Na kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi lakini mdomo hauna, yeye ndiye aliyeleta maneno. Nani kapata mjukuu, nani kagombana na mkewe kwa ajili ya mbuzi, nani anaumwa. Wanaocheza wanainamia uwanja, yeye anaongea, na wanaosubiri zamu wanamjibu. Ukifungwa pale, huondoki.

Aliyekaa kwenye kigoda kile kuliko wote ni Mwalimu Senyagwa. Alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, anaishi peke yake ng'ambo ya reli, binti yake wa pekee kaolewa Iringa. Timu yake aliipaka zambarau. Kabla ya kupiga kizibo alifumba jicho moja, akapima pembe, akanong'ona tarakimu, kisha akakosa. Kila siku hivyo. Hamduni fundi viatu, aliyekuwa bingwa wa baraza, alimwambia kwamba kama wanafunzi wake walipiga hesabu namna hiyo, basi taifa liko mashakani. Mwalimu akicheka machozi yanamtoka, halafu anaburuta kigoda mwenyewe kabla hajaambiwa.

Basi, akahamia mjini Fundi Chilongani. Alikuwa seremala wa mabehewa, amestaafu karakana ya reli, mkewe amefariki mwaka uliotangulia. Nyumba yake ilikuwa nzuri na ilikuwa kimya, ndiyo maana akaanza kuja barazani. Siku ya tatu wakampa timu ya kuazima, akacheza na Hamduni. Akafungwa manne kwa moja, wakamwelekeza kigoda.

Mtu aliyewahi kusimamia mafundi ishirini, ameambiwa akae chini ashike meza! Alishika, lakini uso wake ulikuwa mgumu. Mechi ilipokwisha akaaga kwa heshima. Asubuhi yake, kabla sijawasha jiko, nikamkuta barazani na msumeno, randa na kipande cha mninga. Akapima mteremko, akachonga kipande, akakiunga kwenye ule mguu mfupi kwa gundi na misumari. Akaweka gololi katikati ya uwanja. Gololi ikatulia.

Nani alikasirika? Hakuna. Alasiri walimpigia makofi. Hamduni alisema miaka sita wamekaa kama wajinga wakishikilia mbao. Na mimi, nisiwafiche, nilimpa Fundi chai na vitumbua vya bure, kwa sababu kigoda kile kilikuwa kikinizibia njia kila nipitapo na sinia. Kigoda nikakitia ndani, nikawa nakikalia mwenyewe kumenyea vitunguu.

Mpira ukawa mzuri kuliko zamani. Pigo lilikwenda pale pale ulipolituma. Lakini aliyefungwa sasa hakuwa na la kufanya. Alikunywa chai yake, akatazama kidogo, akakumbuka shughuli nyumbani, akaondoka. Siku za mwanzo waliondoka mmoja mmoja, baadaye wakawa wanaondoka mapema, na saa kumi na moja barazani wanabaki wawili wanaocheza bila kusemezana. Birika langu lilikuwa linapoa likiwa limejaa. Mimi nikasema ni msimu wa kilimo, watu wamechoka.

Mwalimu Senyagwa alikuja wiki ya kwanza. Alifungwa kama kawaida, akageuka kutafuta kigoda, akakumbuka, akaenda kukaa kwenye benchi ukutani na mikono yake mapajani. Kutoka pale huoni uwanja, unaona migongo ya watu. Wiki ya pili alikuja mara mbili. Halafu hakuja. Mimi nilidhani amekwenda Iringa kwa binti yake. Hamduni alidhani anaudhika kwa utani. Kila mtu alidhani la kwake na hakuna aliyeuliza.

Siku moja Hamduni na Fundi Chilongani walikuwa wanacheza, mawili kwa mawili. Hamduni akapiga, gololi ikaenda ikasimama mlangoni mwa goli. Yeye akasema imevuka mstari. Fundi akasema haijavuka. Hawakugombana. Waligeuka wote wawili kwa pamoja, wakatazama ile kona ya meza, kama walivyozoea, wasikie mshika meza anasemaje.

Pale konani hapakuwa na mtu.

Hamduni ndiye aliyeuliza, taratibu, Mwalimu yuko wapi. Akaniangalia mimi. Mimi nikamwangalia Fundi. Tulipohesabu, zilikuwa zimepita siku tisa bila yeyote kati yetu kumtia machoni. Gololi tuliiacha pale pale mlangoni. Tukavuka reli, mimi na kanga yangu ya jikoni yenye masizi.

Majirani zake walikuwa wamehamia mashambani. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Tulimkuta kitandani, homa imemkausha midomo, na mguu wa kulia umevimba kutoka kwenye nyonga. Aliteleza akichota maji siku ya Jumatano, na hiyo ilikuwa Jumatatu. Alikuwa amejikokota mpaka ndani, akawa anakunywa maji ya mtungi kwa vifuniko, na mtungi ulikuwa umebaki tope. Kwenye kiti karibu na kitanda alikuwa amevipanga vile vizibo vyake kumi na kimoja vya zambarau.

Nikamnywesha maji kidogo kidogo. Hamduni akakimbia kutafuta mkokoteni wa kumpeleka hospitali. Fundi Chilongani akachuchumaa kando ya kitanda.

"Mwalimu, mbona hukupaza sauti? Mbona hukumtuma hata mtoto anayepita?"

"Sauti sina, na watoto wako shamba. Nilikuwa nangoja."

"Unangoja nini?"

"Nyie. Zamani nikichelewa nusu saa, Hamduni anakuja kunigongea. Anasema twende bwana, meza inayumba." Akapumzika kidogo. "Halafu nikakumbuka kwamba siku hizi inasimama yenyewe."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama anavyosoma majina ya darasa. Nilimwona Fundi anashika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili. Mimi nililia, na sioni haya kusema.

Mwalimu alilazwa. Kesho yake asubuhi nikamkuta tena Fundi barazani kabla sijawasha jiko, safari hii na msumeno peke yake. Alikuwa anakikata kile kipande cha mninga alichokiunga kwa mikono yake. Hamduni akafika, akamwambia anaharibu kazi nzuri. Fundi hakusimamisha msumeno.

"Kazi ni nzuri," akasema. "Mguu niliupima. Sikuuliza mikono iliyokuwa inaushika itakwenda wapi."

Kipande kikaanguka, meza ikalala upande wake wa zamani. Akaniomba kigoda. Nikamwaga maganda ya vitunguu, nikampa. Alasiri ile alicheza na Hamduni, akafungwa matatu bila, na kabla mtu hajasema kitu akaburuta kigoda, akakaa, akaishika kona. Akaanza yeye mwenyewe kuleta habari. Mwalimu amekula uji. Mwalimu anauliza nani anaongoza. Waliokuwa wameshika njia kurudi nyumbani wakasimama kusikiliza. Ndani ya siku kumi nikawa nachemsha birika la pili.

Abiria mmoja aliyekuwa anangoja treni alimwonea huruma yule mzee mwenye mvi pale chini, akauliza kwa nini wasitafute seremala autengeneze mguu ule. Fundi Chilongani akamjibu bila kuinua macho, "Aliyefungwa hushika meza." Watu wakaangua kicheko, msemo ukaanza kutembea. Uliingia sokoni, ukaingia shuleni, mpaka ukafika kanisani kwenu.

Mwalimu alirudi baada ya wiki tano, na mkongojo. Akacheza siku ile ile, akafungwa sita. Fundi akainuka kwenye kigoda, akakipangusa kwa mkono, akamwambia, "Karibu. Nilikuwa nakushikia." Na miaka miwili baadaye Mwalimu alimfunga Hamduni, moja bila, mara moja tu katika maisha yake. Baraza zima lilisimama. Yeye kwa mazoea akaenda kukaa kwenye kigoda akashika kona, ikabidi tumwondoe pale kwa nguvu tukimwambia, Mwalimu, umeshinda.

Haya. Yunis, ile sare ya kwaya uliyoirudisha juzi iko ndani, juu ya kitanda changu. Ameileta mwenyekiti mpya mwenyewe leo alfajiri, nawe umelala. Hakuja kujisifu. Amesema jana wakiimba, walipofika ubeti wa pili, sauti ya pili ilipwaya, na wote wakageuka kutazama pale unaposimamaga.

Mazoezi ni saa kumi. Nenda ukanawe uso, mjukuu wangu. Aliyefungwa hushika meza.