Mtoto wa Somoe na Bibi Nyani

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa gani hiyo ya mdomo mmoja? Hadithi ya leo nzito, na mimi mgongo unaniuma, siibebi peke yangu. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia.

Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa bado wanaelewana lugha, palikuwa na mwanamke jina lake Somoe, na binti yake Arafa. Arafa alikuwa na miaka minane na hakuwa na neno hata moja. Alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, na alipojua kutembea hakushikika: akiona maji anaingia, akiona moto anaugusa. Kilichomtesa zaidi ni kelele. Debe likigongwa, huachia chochote alichoshika, akaziba masikio kwa mikono miwili, akajikunyata chini hadi kelele iishe. Baba yake alipoona hayo aliaga anakwenda kununua chumvi. Chumvi gani hiyo ya miaka minne? Tumwache huko huko aliko.

Kijiji kile kilikuwa na desturi yake. Mashamba yote yaliungana, na kila nyumba ilikuwa na dungu lake, kile kichanja kirefu anachokalia mtu wa kulinda mahindi. Mahindi yakianza kubeba, kila nyumba hulinda upande wake tangu alfajiri hadi jua lizame, na nyani wakisogea hugonga debe. Dungu likikutwa tupu mara tatu, shamba linachukuliwa. Uwe mjane, uwe mgonjwa, linachukuliwa.

Somoe alijaribu. Alimpandisha mwanawe dunguni, debe la jirani likalia, mtoto akaachia ngazi, akaanguka, akavunjika jino. Akamfungia ndani, akarudi akamkuta amejing'ata mikono. Mwisho akamfunga mguu kwenye nguzo ya nyumba, jamani, kama mbuzi, na mama mwenyewe akawa analia njia nzima ya kwenda shamba. Kamba ikamla mtoto kifundo cha mguu hadi nyama ikaonekana. Siku mbili Somoe akashindwa kumwacha hivyo, na mara mbili dungu likakutwa tupu. Ikabaki moja.

Akaenda kuomba watu.

Alianza kwa Mwajabu, waliyepakana naye ukuta. Akamwambia, "Nishikie mwanangu. Jua likitua namchukua." Mwajabu alikuwa na mimba, akageuza uso asije akamwona Arafa akazaa kama yeye. "Pole sana, Somoe," akasema. "Mungu yupo." Akafunga mlango.

Akaenda kwa wifi yake, Mama Chiku, ambaye mtoto yule ni damu yake. "Nishikie mwanangu. Jua likitua namchukua." Mama Chiku akaeleza kwa urefu kwamba wanawe wataiga, na watoto wakiiga hawaachi. "Pole sana, wifi yangu. Mungu yupo." Akaendelea kupepeta mchele wake.

Akaenda kwa Mkumbaru, mkuu wa walinzi, mwenye wake watatu na mabinti saba waliokuwa wanasukana uani. "Nishikieni mwanangu. Jua likitua namchukua." Mkumbaru akamkumbusha kuwa desturi haikuanza jana, na kwamba kila mtu ana mzigo wake. "Pole sana, mama. Mungu yupo."

Pole tatu, na mkono hakuna hata mmoja. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga walisema, na wahenga hawakukosea.

Kesho yake Somoe alikaa chini ya dungu lake, mtoto mapajani, hajui apande au arudi nyumbani. Nyani wakatoka porini. Mbele yao alikuwa nyani jike mzee, Bibi Nyani, mgongoni kabeba mjukuu. Yule mjukuu mikono yake ilikuwa legevu, haishiki manyoya, na bibi alimzuia kwa mkono wake mmoja asianguke.

Bibi Nyani hakumwambia pole. Alimwuliza, "Wako naye hashiki?"

"Anashika," Somoe akajibu, "ila akisikia kelele anaachia."

"Huyu wangu hashiki kabisa. Kwa hiyo sisi ndio tunaomshika. Asubuhi mama yake, mchana mimi, jioni shangazi zake. Watu wako wanashika saa ngapi?"

Bibi Nyani akanyoosha mkono. "Nipe. Wewe panda dungu lako wakuone. Tukipita hapa kwako, usigonge debe."

Alijua anachokifanya? Alijua. Msinitazame hivyo, wala wewe uliyeguna hapo nyuma. Alijua kabisa kwamba upande wake ukifunguka, mashamba ya wote yameliwa. Akampa mtoto.

Siku ya kwanza Arafa alibebwa mgongo hadi mgongo, na hakuna aliyemgongea debe. Siku ya pili kidonda cha kamba kikaanza kukauka. Siku ya tatu Somoe akiwa juu ya dungu alisikia sauti asiyoijua ikitoka majanini, akashtuka, kisha akatambua kuwa ni mwanawe anacheka. Alilia hadi kanga ikalowa.

Lakini mahindi nayo yalikuwa yanakwisha. Mkumbaru akafuata nyayo, zikamfikisha upande wa Somoe. Hakumwuliza kitu. Siku ya nne aliwapanga wanaume na pinde kwenye mpaka, na wengine akawapa madebe wazunguke nyuma.

Madebe yakalia yote kwa mara moja. Nyani wakakimbia na watoto wao, kila mtoto kashika manyoya. Arafa, mgongoni kwa Bibi Nyani, akaachia. Akaziba masikio kwa mikono miwili, akaanguka katikati ya mahindi, akajikunyata.

Somoe alipiga kelele kutoka juu. Alisema ni mwanangu, ni mwanangu, ni mwanangu. Nani wa kumsikia katika madebe yale? Mkumbaru aliona mabua yanatikisika, akaachia mshale. Bibi Nyani alikuwa ameshafika porini, akageuka, akarudi kumchukua mtoto, na mshale wa pili ukampata yeye.

Kijiji chote kilikuja kwenye msiba wa Arafa. Mama Chiku alipika. Mwajabu alikaa karibu na Somoe, akamshika mkono tangu asubuhi. Mkumbaru alilia mbele za watu, akasema hakujua, akawa wa kwanza kutia bega jeneza lilipotoka.

Mtoto alikuwa mwepesi, mtu mmoja angeweza kumbeba mikononi hadi makaburini. Lakini desturi ni desturi, jeneza hupokezanwa. Huyu anatia bega hatua chache, mwenzake anamgusa, "Nipe na mimi." Mwingine anamgusa yule, "Nipe na mimi." Walisukumana njia nzima, hakuna aliyetaka kukosa zamu. "Nipe na mimi."

Somoe alisimama mlangoni akiwatazama hadi walipopinda kwenye mgomba. Mwajabu akamsikia akisema polepole, "Kumbe mikono ilikuwepo."

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni kwa Somoe. Iliyo tamu kawaombeni wengine.