Dume la Uani

Hapo zamani, wakati kila ua una ua lake, alikuwako mwanamke jina lake Mize. Huyu Mize alikuwa anamwoza binti yake, Kazija, na harusi ni kesho. Pilau lipo, ngoma ipo, bwana harusi yupo. Kikuba, kile kishada cha maua cha kifuani, ndicho hakijatimia. Asumini aliipata, mrehani aliupata, lakini ua la mkadi, wajukuu wangu, hilo hakulipata. Na mji ule bibi harusi akiingia ndani bila mkadi, watu husema kaozwa kwa kuibiwa, na neno hilo humfuata mpaka kwa watoto wake.

Mize akahangaika. Akaenda mtaa wa juu, akakuta mkadi una matunda kama mananasi, akarudi. Akaenda mtaa wa chini, akakuta una matunda, akarudi. Majike hayo. Mkadi jike huzaa, haunukii. Dume halizai, ndilo linalotoa ua la harufu. Akapata dume moja kule mwisho wa mji, halijachanua, na mkadi hauchanui kwa kuombwa. Akarudi. Akikaa anainuka, akiinuka hajui aendako. Kachukua mchele achague, kausahau mapajani, kasimama, mchele wote chini.

Basi alasiri anaokota ule mchele, upepo ukageuka. Akasikia harufu. Akaacha mchele. Harufu ile aliijua, ndiyo iliyokuwa kwenye kanga za marehemu mamake siku za Ijumaa. Akaifuata ukuta kwa ukuta, pua mbele, mwenyewe nyuma, hata akajikuta ndani ya ua wa Bi Khole wala hajapiga hodi.

Mkadi huo hapo. Mizizi imesimama nje ya ardhi kama mzee na magongo yake, majani marefu yana miiba ukingoni, na juu katikati ya majani limepasuka ua, ua moja tu, maganda meupe, ndani vishada vya unga. Chini yake amekaa Bi Khole na ungo, anafukuza nyuki.

Mize akaamkia, akaomba ua. Bi Khole akamwambia halitoki. Binti yake amejifungua, kesho anatoka arobaini, naye mzazi akitoka hupambwa kama bibi harusi, hilo Mize analijua. Mize akauliza, mti huu umeutoa wapi? Bi Khole hakuficha. Aliokota chipukizi jaani, nyuma ya nyumba ya kakake Mize, mwaka ule wifi mtu alipofagia uani kwa marehemu mama yao akang'oa kila chenye miiba kisimchome mwanawe.

Mize akakaa chini.

Maana mamake alipokuwa anakata roho, Kazija yungali ananyonya, alimshika mkono akamwambia: "Dume langu la uani nimempa Kazija. Siku ya harusi yake lisikosekane." Na uani palikuwa na beberu la mbuzi. Mize akalifunga kamba, akaenda nalo kwake. Akalilea, lisichinjwe, lisiuzwe, hilo la harusi. Likala mikeka, likala kanga za majirani, Mize akawa mtu wa kuomba radhi mtaa mzima. Likazeeka, likafa halina jino. Mize akalililia kama mtu, akisema wasia wa mama umenipotea. Kumbe wasia ulikuwa jaani.

"Ua hili la mwanangu," akasema Mize. "Mama alimwachia kwa kinywa chake. Nilikosea kusikia mimi. Mtoto ana kosa gani?"

"Mama yako aliacha mti, nyinyi mkautupa," akajibu Bi Khole. "Mkono wangu huu ulifura kwa miiba yake. Siku ile ningepita nikatazama pembeni, leo ungenusa nini, shoga?"

Wamo katika hayo, Mwatima akaingia na ndoo kichwani. Huyu Mwatima ni jirani wa ukuta wa pili, mtu mzima, mvi zimeshaingia. Akasikiliza mpaka mwisho, akatua ndoo, akacheka.

"Mize, wewe nenda kamvalishe mwanao beberu."

Kisha akaacha kucheka. Akawakumbusha mwaka wa kiangazi kikubwa, Bi Khole alipokwenda ng'ambo kuuguza mwanawe, miezi ikapita asirudi. Visima vikakauka, watu wakawa wanagombea tope. Mkadi ule ukainamisha majani. Nani aliunywesha?

"Maji yangu ya kuoga nilikuwa nayagawa, nusu mwilini, nusu mzizini. Nami sina bibi harusi, sina mzazi. Nalitaka mwenyewe. Niliolewa mwaka wa njaa, sikuvishwa hata jani la mrehani. Mume wangu mpaka leo tukigombana huniambia, wewe nilikuokota. Kesho Ijumaa nataka nivae anione."

Pale hapana aliyecheka.

Mize akasema basi tulikate vipande, kila mtu apate chake. Alipokwisha kusema akajiuma ulimi. Mji ule ua moja la mkadi halivaliwi na wanawake wawili, wakivaa husemwa wamekwisha kuwa wake wenza, na la mdomoni huvuta la mlangoni. Bi Khole akamkumbuka mkwewe. Mwatima akamkumbuka mumewe. Kazija na bwana harusi wake hata hawajaonana vizuri.

Bi Khole akaingia ndani, akatoka na kisu, akakiweka chini penye mizizi.

"Akate anayejua kuwa ni lake."

Mize akanyoosha mkono, akaurudisha. Akaunyoosha tena. Kule kwake vigelegele vinapigwa, Kazija anatiwa hina, na sauti inamwita: mama yuko wapi, mkadi umepatikana? Mwatima amesimama, ndoo ameisahau. Bi Khole ungo umemwanguka, nyuki wanaingia wanatoka.

Na ua la mkadi likishapasuka halimngoji mtu. Ncha za maganda zimeshaanza kugeuka rangi. Haya wajukuu wangu, jua linakwenda, kisu hicho hapo chini, semeni upesi: aliyeachiwa, au aliyeokota, au aliyenywesha, ua lile la uani lilikuwa la nani?