Haki ya Ndama Aliye Tumboni

Ndugu zangu katika imani, kisa hiki kimetufikia kutoka kwa waliotutangulia. Siku ile uani walikuwapo Harithi, mshona matandiko ya punda. Mkewe Unaisa, akiwa na mtoto wao mchanga mgongoni. Bi Nusaiba, mama yake Harithi, ambaye ndiye aliyekisimulia uzeeni mwake. Na Bi Safura, mjane mcha Mungu wa mtaa wa pili. Na ng'ombe alikuwapo, amefungwa kivulini, tumbo limemshuka.

Ng'ombe huyo hakuwa mali yao. Ilikuwa desturi ya watu wema wa zama zile kumwazima maskini ng'ombe wa maziwa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Siku alipowapa, Bi Safura aliwaambia, "Maziwa ni yenu, ndama ni wangu. Akikaribia kuzaa, acheni kumkamua apumzike, kisha mnirudishie." Kila mfugaji aliijua sababu. Miezi miwili ya mwisho ng'ombe hakamuliwi, ili nguvu zake ziende kwa aliye tumboni, na kiwele kijiandae kwa dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo ambayo ndama hawezi kuyakosa.

Miezi hiyo ilikuwa imeingia, nao bado walikuwa wanakamua. Unaisa maziwa yalimkauka kifuani, na mtoto alikuwa akilia njaa. Kila jioni Harithi alisema, "Kesho tunaacha." Kesho ikifika, Unaisa huchukua chungu. Bi Nusaiba aliwahi kuwakejeli, "Kamueni tu, mpaka mtoe na kwato za ndama!" Wakacheka, naye akanywa uji wa maziwa yale yale.

Bi Safura alipobisha hodi, Unaisa alikifunika chungu kwa kawa upesi. Mgeni akaingia polepole, akimvuta mbuzi jike mwenye kiwele kilichojaa.

"Asalaam alaykum, wanangu."

"Wa alaykum salaam, mama. Karibu."

Akamtazama ng'ombe. "Mashaallah, amekaribia huyu. Mmekwisha acha kumkamua?"

"Tumeacha, mama," akasema Harithi. "Zamani."

Bi Nusaiba alisikia, akaendelea kupepeta nafaka ambayo ilikwisha kuwa safi.

Bi Safura akaketi mkekani, machozi yakimlengalenga. "Basi nisameheni, wanangu. Nilishikwa na homa, nikachelewa. Nilikuwa nikilala nawaza, kile kichanga kinakunywa nini, nami ndiye niliyewakataza maziwa? Nimewaletea mbuzi huyu. Mkamueni yeye."

Ingekuwa rahisi kusema ahsante. Mbuzi alikuwa amekwisha kufika, mwenyewe ametoa kwa moyo mmoja, na uongo umefichika chini ya kawa. Lakini Unaisa aliona haya kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Mwenye haki alikuwa akiwaomba radhi waliomwibia.

Akapiga magoti, akakifunua chungu. Povu lilikuwa bado halijatulia.

"Mama, usituombe radhi sisi. Maziwa haya ni ya asubuhi ya leo. Na jana tulikamua. Hatukuacha hata siku moja."

"Unaisa!" Harithi alinong'ona.

"Niache niseme, mume wangu. Tumekwisha mla ndama wa mwenzetu. Tusile na mbuzi."

Bi Safura aliinuka, akamwendea ng'ombe, akapitisha kiganja ubavuni mwake, mfupa baada ya mfupa.

"Amekonda," akasema.

Hakusema lawama nyingine. Harithi akajifunika uso kwa kilemba chake. "Mama, nimesema uongo mbele yako na mbele ya Mola wangu. Mchukue ng'ombe wako, na mbuzi pia."

"Ng'ombe namchukua. Mbuzi anabaki, mtoto hakuniambia uongo." Akaifungua kamba, kisha akageuka. "Nawe Harithi, uje asubuhi unikatie nyasi za huyu mama mzazi. Mgongo wangu hauinami tena."

Hapo Harithi akatambua kwamba amepewa kazi ili apate pa kuuweka uso wake.

Ndugu zangu, wako wanaodhulumu kwa nguvu, na wako wanaodhulumu kwa kusema kesho. Aliye tumboni hana ulimi wa kudai, ndiyo maana haki yake huliwa bila kelele. Mola atujaalie kuona haya kabla ya kufumaniwa, na atukutanishe na watu ambao, tukiungama, watatuachia mlango wazi.

Ng'ombe alizaa salama. Ndama alikuwa mdogo, mwenye miguu myembamba, na majirani walipouliza sababu, Bi Safura aliwajibu tu kwamba ni wake na anampenda.