Mtoto Asiyeshikwa na Mtu

Mtu mmoja alikuwa na picha ya zamani. Picha yenyewe ndogo kama kiganja, pembe zimeliwa na mende, imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Ndani yake watu saba wamesimama ufukweni siku ya Idi, upepo unawavuta nguo: baba, mama na watoto watano. Mtu huyo aliitwa Hemedi Nachinuku, mwenye duka la saruji na mabati katika mji mmoja wa pwani ya kusini. Pichani yeye ndiye mdogo kuliko wote, mtoto wa mwaka mmoja, amebebwa ubavuni, ukingoni kabisa, upande wa maji. Lakini ukubwani alipenda kuwaambia watu, hata wasiomuuliza, "Mimi sikubebwa na mtu. Nilisimama kwa miguu yangu." Iwekeni akilini kauli hiyo, nitairudia.

Basi binti yake akachumbiwa na watu wakubwa. Hemedi akataka picha ile ichorwe upya ubaoni, kubwa kama mlango, itundikwe sebuleni ili wakwe waione watakapokuja. Akampelekea fundi Limbanga, mchora mabango, ambaye kazi yake nimeiona kwa macho yangu, na nawaambia kweli: akichora embe, nzi wanatua.

Akampa sharti moja. Akaweka ukucha juu ya msichana wa miaka kumi na miwili aliyesimama pembeni.

"Huyu usimweke."

"Nani huyu, mzee?"

"Wa kupita tu."

Hakuwa wa kupita. Alikuwa Somoe, dada yake wa tumbo moja, kifungua mimba wa nyumba ile. Sasa ni bibi kizee, anachoma mihogo stendi ya mabasi, anatafuna tumbaku na kutaniana na makondakta. Hemedi aliona haya wakwe wasije wakauliza, "Na huyu siku hizi yuko wapi?"

Fundi wa picha za zamani hatazami watu. Anapiga mistari ya miraba juu ya picha, anapiga mingine mikubwa ubaoni, kisha anahamisha mraba mmoja mmoja, kama mtu anayehamisha kuni. Mraba haukwambii huu ni mkono wa nani. Kwa hiyo Limbanga alimchora Somoe mzima bila kujua anamchora nani. Alipolikumbuka sharti, ilikuwa Jumatatu, akamkwangua kwa kisu, akapaka juu yake kile kilichokuwa nyuma yake. Ndiyo desturi ya kazi: ukimwondoa mtu, unaweka alichokuwa amekiziba. Na nyuma ya Somoe ilikuwa bahari.

Akarudi hatua tatu atazame kazi yake. Mtoto yuko hewani. Ule mkono uliomzunguka, ambao kila mtu alidhani ni wa mama, ulikuwa wa Somoe. Mama alikuwa ameshika kanga yake kwa mikono yote miwili isichukuliwe na upepo. Fundi akajaribu kumchora mtoto mikononi mwa baba. Rangi ikajikunja kama utando wa maziwa, ikaanguka chini. Akamchorea mchanga wa kukanyaga. Asubuhi akakuta mchanga haupo, yapo maji.

Jumatatu maji yalikuwa mstari wa nne wa miraba, ukihesabu kutoka chini. Jumanne yakawa mstari wa tano. Fundi akasema rangi imechuruzika, kisha akajisuta, maana rangi huchuruzika kwenda chini, haichuruziki kwenda juu. Akagusa kwa kidole, akaonja. Chumvi. Mimi darasa la sita sikulimaliza, wasomi watabisha, wabishe. Hakuna rangi ya mafuta yenye chumvi. Na maji yale hayakuenea ufuo mzima. Baba, mama na wale watoto wengine, mchanga wao ulibaki mkavu na kicheko chao kilekile. Maji yalipanda pale tu alipofutwa mtu, yamesimama wima kama ukuta.

Lakini lililomtisha zaidi fundi ni hili: maji yakipanda mstari mmoja, mtoto naye anapanda mstari mmoja. Nyayo zake zinalowa, hazizami. Kana kwamba kuna anayemwinua.

Alhamisi Hemedi akaja kuitazama kazi. Alivyokuwa akitembea, viatu vyake vililia kama vyura.

"Fundi, tangu juzi miguu yangu haikauki," alisema. "Nafuta, inalowa. Daktari amenigeuza na kunigeuza, kaishia kuniuliza kama nauza samaki."

Fundi hakucheka. Aliondoa shuka lililofunika ubao. Mtoto alikuwa mstari wa saba, na juu ya mstari wa nane ubao unaisha.  Hemedi akasogea, akarudi, akasogea tena.

"Mbona naning'inia? Hapo nani kanishika?"

"Uliyeniambia nimfute," akasema fundi.

Hemedi hakuaga. Alikwenda stendi mchana kweupe, jua la utosi, akakuta watu wamesimama duara. Katikati ameketi Somoe kwenye kigoda chake, nyuma ya jiko lililozimika. Kanga yake imelowa chapachapa mpaka shingoni, na ardhi aliyokalia ni kavu, imepasuka kwa kiu. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya kichwa, viganja vimekunjwa kushika kitu kisichoonekana.

Bi Fatu, muuza karanga wa pale pale, alimwona Hemedi, akamkabili mkono kiunoni.

"Lo, bwana mabati! Leo umepotea njia? Tangu Jumatatu dada yako yuko hivi. Uji tunamnywesha sisi. Tukimwambia bibi, shusha mikono, anasema ataanguka. Ataanguka nani, hasemi!"

Somoe akainua macho. Akatabasamu kwa fizi.

"Umekuwa mzito, baba," akamwambia mdogo wake. "Siku ile ulikuwa kama kikapu cha ufuta. Lakini sijakuweka chini."

Hemedi akaelewa, na kuelewa kwenyewe kukamuogopesha kuliko maji. Mikono ile ikibaki juu, yeye atapata hasara ya viatu tu. Ikishuka, atazama. Sitawaficha alichowaza: aliwaza kumletea mwavuli, na mto wa kuegemea, na mtu wa kumkanda mabega, ili ashike vizuri zaidi. Msimcheke. Wengi wetu ni watu wa kupeleka mwavuli, na tukishaupeleka tunasubiri tushukuriwe.

Mkono mmoja wa Somoe ukateleza kidogo. Hemedi akasikia chumvi kooni.

"Shusha, dada."

"Utalowa."

"Nilowe."

Somoe akashusha mikono. Wote waliokuwa stendi ile walisikia kitu kizito kikitumbukia majini, na mbele yao hapakuwa na kitu ila vumbi. Hemedi akaanguka kifudifudi, maji yakimtoka puani na mdomoni, akipapatika kama kifaranga ndani ya ndoo. Makondakta wakarudi nyuma. Hakuna aliyethubutu kumgusa, maana aliyegusa angegusa nini? Alipapatika mpaka, sijui kwa rehema gani, akakumbuka kusimama. Aliposimama, akasimama kama mtu aliye majini, na suti yake ikaanza kukauka kuanzia mabega kushuka mpaka kifuani. Hapo ikakoma. Kina chake ndicho hicho. Maji yale yalikuwa ya kumzamisha mtoto wa mwaka mmoja, na yeye alikuwa na miaka hamsini na minane.

Akajikokota hatua kwa hatua mpaka kwenye kigoda, akainama, akamwinua dada yake. Alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu. Akambeba ubavuni mbele ya stendi nzima, na Somoe akaikunja miguu isiguse chini.

Saa ileile fundi Limbanga alikuwa peke yake kibandani, brashi ziko kwenye kopo. Akasikia maji yakivutwa, sauti kama ile ya kombe la baharini ukiliweka sikioni. Akageuka. Maji yamerudi mstari wa nne. Mahali alipomkwangua Somoe amesimama mwanamume mwenye mvi, amelowa mpaka kifuani, na ubavuni mwake amembeba msichana wa miaka kumi na miwili anayecheka. Yule mtoto wa mwaka mmoja hayupo. Kwetu watu hawahesabiwi, ni mkosi, lakini siku ile fundi aliwahesabu. Wakatimia saba. Naye ameapa mbele yangu, na mimi simwapishi mtu mara mbili, kwamba hakushika brashi.

Wakwe walipokuja walipewa viti, wakapewa halua na kahawa, wakainua macho ukutani. Waliitazama picha kwa adabu, kisha yule mkubwa wao akashindwa kujizuia.

"Nyote hapo mmekauka. Mbona huyu mzee amelowa?"

 Aliyejibu ni Somoe, kutoka kwenye kiti kizuri kuliko vyote sebuleni, akihamisha tumbaku yake kutoka shavu hili kwenda lile.

"Ni zamu yake."

Nawe unayesema umesimama kwa miguu yako, ni mikono ya nani ambayo bado iko juu?